Minazi ya Nta ya Kupaza

Aliyengoja mti hakungoja mtu.

Vijana wa kitalu cha Kwemhina waliisikia methali hiyo asubuhi moja kutoka kwa mama aliyekuja na mumewe kununua miche ya mikarakara. Mume alikuwa akimkaripia mtoto wao kwa kuchelewa kuhesabu viriba vya miche. Mama yule hakubishana naye. Alisema maneno hayo manne tu, na mume akamwachia mtoto ahesabu upya kwa mwendo wake. Walipoondoka, vijana walimgeukia Bi Tabia Hoza, mwenye kitalu, wakamuuliza methali ile imetoka wapi, maana shuleni hawakuwahi kufundishwa.

"Hamkufundishwa kwa sababu ilizaliwa hapa hapa, mwendo wa nusu saa kutoka mlipokaa," alisema Bi Tabia. "Jazeni udongo huku mnasikiliza. Masikio hayajazi viriba, na atakayejaza nusu atarudia. Methali hii ilianza hivi."

Hapa milimani palikuwa na mtu akiitwa Kupaza Shechambo. Kazi yake ilikuwa bustani. Kwa miaka ishirini na kitu alitunza maua, nyasi na miti katika nyumba ya wageni ya shamba moja la chai, na mkono wake ulikuwa mwepesi: alichokichomeka kilishika. Watu walimfuata kutoka mabonde ya mbali kutaka miche na ushauri, naye hakuwanyima. Alikuwa na kasoro moja tu iliyojulikana, alipenda kusifiwa. Lakini nani asiyependa kusifiwa? Hata nyinyi mmejaza viriba kumi na tayari mnanitazama usoni.

Mwaka mmoja alifika katika nyumba ile mama mmoja, mtaalamu wa mimea, kutoka Kolombia, nchi ya Amerika ya Kusini yenye milima ya baridi na ukungu kama hii yetu. Alikaa wiki tatu. Siku ya kuondoka alimpa Kupaza kifuko cha kitambaa chenye mbegu ishirini na nne, za mviringo, ngumu kama gololi. Akamweleza kuwa ni mbegu za mti wa kwao uitwao mnazi wa nta. Hauzai nazi hata moja, lakini kwa umbo ni ndugu ya mnazi, ila ni mrefu kuliko minazi yote ya dunia. Shina lake hunyooka kama mlingoti, jeupe, limepakwa nta tangu kuumbwa kwake, na zamani watu wa kule waliikwangua nta hiyo wakatengenezea mishumaa. Ukipandwa kando ya njia, mpita njia hunyanyua uso kuutazama mpaka kofia ikaanguka.

"Lakini usiupande kama una haraka," mgeni alimwambia kwa kinywa cha mkalimani. "Utakaa chini miaka kumi, kumi na tano, pengine ishirini, bila shina. Utaona majani tu, kama yanatoka ardhini. Watu watakwambia umedumaa. Haujadumaa, unajenga mguu. Na miaka hiyo yote uuwekee kivuli. Siku ya kuuzoesha jua, uuzoeshe kidogo kidogo. Ukiuvua kivuli kwa siku moja, jua litauua mbele ya macho yako."

Kupaza aliyashika maneno yale kama wosia. Alizilaza mbegu katika sanduku la mchanga na mboji, akazifunika majani makavu, akazinyunyizia maji kila jioni. Mwaka ukapita bila kitu. Majirani wakamtania kuwa mgeni amemwachia gololi za wanawe. Mwezi wa kumi na sita zikachipua tano, hizo nyingine zikaoza. Na masika hayo hayo mkewe, Mboni, aliyekuwa amekaa katika ndoa miaka tisa bila mtoto, alijifungua mtoto wa kiume. Wakamwita Guga, jina la babu yake. Kupaza alichinja mbuzi, akawalisha wale wale waliomcheka, na siku hiyo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote milimani.

Njia ya kutoka barabarani kwenda nyumbani kwake ilikuwa tupu. Akaipanda minazi yake pale, mitatu upande huu na miwili upande ule, akiona kwa akili yake jinsi itakavyosimama siku moja kama walinzi weupe. Juu ya kila mche alijenga kibanda kidogo cha nguzo nne, akakiezeka kwa mabanzi, yale magome ya magogo ambayo wapasua mbao huyatupa. Aliyapanga kwa kuachanisha upana wa kidole, ili jua liingie kwa vipande. Mlangoni alitundika kamba ya katani, na kila mnazi ulipotoa jani jipya alipiga fundo. Kuna mwaka mzima aliopiga mafundo sita tu kwa miti yote mitano, na akayaonyesha kwa wageni kwa majivuno.

Mtoto naye alikuwa akikua kwa namna yake. Shingo ilichelewa kukaza. Alikaa akiwa na mwaka na nusu, akatembea akiwa na miaka mitatu, na neno la kwanza, "maji", alilitamka mwaka wa tano ukiwa umeshaingia. Mwanzoni Kupaza alisema mtoto wa kuombwa huja polepole. Baadaye akaacha kusema hivyo. Guga alipopelekwa shule alirudia darasa la kwanza mara tatu, na mwaka wa nne mwalimu alimrudisha kwa adabu, akisema mtoto huyu hana ubaya wowote ila afadhali akae nyumbani na mama yake.

Siku ile Kupaza aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona. Alirudi njia nzima akiwa mbele, mtoto nyuma, hakugeuka hata mara moja. Tangu siku hiyo alianza kumwita Gogo. Wageni walipokuja kuangalia minazi, Guga alitumwa jikoni.

Na wageni walikuja kweli. Bwana misitu wa wilaya alikuja, wanafunzi walikuja na walimu wao, hata watalii walisimamisha magari. Wengi waliinama chini ya mabanzi, wakaona fungu la majani lisilofika kiunoni, wakacheka. "Mzee Kupaza, miaka kumi yote unafuga majani?" Naye alitabasamu, akapangusa vumbi kwenye jani moja kwa kidole gumba, akajibu, "Unajenga mguu." Neno lile likaenea. Kuku akichelewa kutaga, mtu husema anajenga mguu. Nyumba ikikaa miaka bila bati, inajenga mguu. Kupaza akawa ndiye mtu wa subira wa milima hii, akitolewa mfano msikitini na katika mikutano ya kijiji.

Mama mtu ndiye pekee aliyejaribu kulileta neno lile ndani ya nyumba. Siku moja Guga alikuwa akivaa shati, vifungo vinampa tabu, na baba yake akampiga kofi kwa kuchelewa.

"Baba Guga," Mboni alisema, "na huyu anajenga mguu."

"Usifanye mchezo na maneno yangu," akajibu Kupaza, akatoka.

Guga alikuwa na utaratibu wake, na Mboni aliujua kama anavyojua chumvi ya mboga yake. Ukimwambia jambo moja, kwa sauti ya chini, ukamwacha nalo, atalifanya hata likimchukua mchana kutwa, na atalifanya vizuri. Ukimwambia mawili kwa pamoja yanamchanganya. Ukimpigia kelele anasimama pale pale alipo, macho wazi, hawezi kwenda mbele wala nyuma, mpaka kelele iishe. Mboni alimfundisha kumwagilia minazi. Ilimchukua miaka miwili. Baada ya hapo Guga hakuhitaji kukumbushwa: kila jioni alibeba kata yake, akaipa miti maji mmoja baada ya mwingine, akakaa kidogo kwa kila mmoja kabla ya kwenda kwa mwenzake. Kupaza aliona ni kazi ambayo kijana alipaswa kuianza zamani, basi hakumsifu.

Akiwa na miaka kumi na sita, Guga aliingia uani jioni moja, akasimama mbele ya baba yake aliyekuwa akinoa panga. Alihangaika na midomo kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, wa tatu anaumwa."

Kupaza aliinuka mbio akaenda kwenye mnazi wa tatu. Jani la katikati, lile changa, lilikuwa limeanza kunyauka, jambo ambalo mtu asiyeketi karibu asingeligundua hata kwa wiki mbili. Akafunua moyo wa mti kwa vidole, akakuta funza wawili wanene wanakula. Akawatoa, akasafisha tundu, akapaka jivu. Mti ukapona. Alifurahi mno, akaenda kumsimulia bwana misitu jinsi alivyouwahi.

Mboni alisimama jikoni akilia peke yake. Mwanawe alikuwa hajawahi kutamka hata maneno matatu yaliyofuatana, yenye maana, kumwambia mtu jambo ambalo hakuulizwa. Mume wake aliporudi alimwambia hivyo. Kupaza alisema, "Kumbe," akaomba maji ya kuoga.

Sasa msije mkadhani Kupaza alikuwa mtu asiye na moyo. Mambo haya aliyasema mwenyewe uzeeni, bila kujitetea. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, akikohoa tangu alfajiri, na alikuwa akihesabu wa rika lake wanavyokwisha. Kila mmoja aliyezikwa aliacha mtoto mwenye kazi. Yeye ataacha nini? Kijana anayebeba kata. Usingizi ulimruka kwa kuwaza nani atamlisha Guga yeye na Mboni wakishaondoka. Ilikuwa hofu, na ndani ya hofu mlikuwa na aibu, na vitu hivi viwili vikikaa pamoja kifuani mwa mwanamume huzaa papara. Akaamua kuwa kijana amelelewa mno. Akichanganywa na wanaume wenzake, atachangamka.

Alikwenda kwa Fundi Mntangi, mkubwa wa wapasua mbao waliokuwa wakiangusha mikaratusi upande wa pili wa mlima, akamwomba amchukue Guga. Fundi alikuja Jumatatu asubuhi kumchukua. Alimkuta Mboni amesimama mlangoni, na kijana amekaa kwenye kizingiti akivaa viatu vya kamba, taratibu.

"Mzee Kupaza," alisema Fundi, "nimekuja kwa sababu nakuheshimu. Lakini kazi yetu haina mwalimu mpole. Mle msituni tunapiga kelele kutwa."

"Ndiyo ninayoitaka. Mzoeshe."

"Baba Guga," Mboni akasema, "mpeleke baada ya masika. Kwanza niende naye mimi, nikae naye huko siku mbili tatu, aone mahali. Halafu awe anakwenda asubuhi na kurudi jioni. Nakuomba."

"Nimengoja miaka kumi na sita, Mama Guga. Mtu mzima huyu, ndevu zinamtoka."

"Na minazi yako ina miaka mingapi?"

Kupaza aligeuza uso kuitazama minazi.

"Mwaka huu umeanza kuizoesha jua," Mboni aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei sokoni. "Nimekuona. Unaondoa banzi moja kwa msimu. Moja. Ukishaliondoa unakuja kutazama asubuhi, mchana na jioni kama majani yameungua. Mwanangu unamvua paa zima siku moja, na wala hutakuwepo kumtazama."

"Mti haunifedheheshi mbele za watu," Kupaza alisema.

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Fundi Mntangi akainamisha uso. Mboni alimtazama mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kumwona wapi, kisha akachuchumaa, akamalizia kumfunga mwanawe kamba za viatu. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Fundi akikwambia jambo, fanya hilo moja." Guga akaitikia kwa kichwa. Alipita kati ya minazi akiigusa majani, mmoja baada ya mwingine, na Fundi akamsubiri mpaka alipomaliza. Kupaza aliona hata kule kusubiriwa ni aibu, akaingia ndani.

Guga alikaa msituni siku tisa.

Fundi Mntangi alijitahidi, mtu asimsingizie. Hakumpa msumeno wala shoka. Alimpa ndoo, awe anachota maji kijitoni na kuwaletea watu. Akamwonyesha kisiki kimoja kikubwa, upande wa juu, mbali kidogo na pale walipoangusha miti, akamwambia kwa upole, "Ukishaleta maji, kaa hapa mpaka nikuite jina." Na kila siku Guga alikaa pale. Kulikuwa na wanaume wanane, na siku ya sita walishazoea kumsalimia, na mmoja wao alisema hajapata kunywa maji yaliyoletwa kwa uaminifu namna ile.

Siku ya tisa, karibu na adhuhuri, waliangusha mkaratusi mmoja mnene. Ulikuwa umekatwa uanguke bondeni. Ulipoanza kulia, upepo ukaja kwa ghafla kutoka chini, ukaukamata matawi, mti ukajigeuza juu ya kisiki chake na kuelekea juu, kule alikokuwa Guga, ambaye ndio kwanza alikuwa amefika na ndoo yake.

Wote walipiga kelele. Huyu alisema kimbia, yule alisema lala chini, mwingine kushoto, mwingine huku, huku. Sauti nane kwa mpigo mmoja. Guga alisimama. Fundi alimwona vizuri sana, na alilisimulia hili mara moja tu maishani mwake, akakataa kulirudia. Kijana aliinama, akaiweka ndoo chini kwa mikono miwili ili maji yasimwagike, akasimama tena wima kando ya kisiki, akingoja kuitwa. Fundi alipopata akili ya kumwita jina, mti ulikuwa umefika.

Walimleta nyumbani kwa machela, zamu kwa zamu, njia ya saa nne. Kupaza alikuwa njiani, amepiga magoti kwenye mnazi wa nne, akikagua majani upande alioondoa banzi. Alisikia miguu mingi ikija bila mazungumzo. Akageuka, akamwona Fundi akiwa mbele, kofia mkononi. Waliobeba walipita katikati ya vile vibanda vya mabanzi, na ilibidi waipitishe machela kiubavu, maana Kupaza alikuwa ameipa miti nafasi kubwa kuliko njia.

Mboni hakupiga ukelele. Aliufunua uso wa mwanawe, akaufuta udongo kwa ncha ya kanga, akaufunika. Wakazika kesho yake asubuhi.

Siku ya tatu watu walikusanyika kwa dua. Uani hapakuwa na nafasi, wengine walikaa njiani karibu na minazi. Baada ya dua, mwenyekiti wa kijiji alisimama kuwafariji wafiwa. Alikuwa mtu mwema, mwenye mdomo mrefu kidogo, na alidhani amepata jambo la kuutuliza moyo wa Kupaza. Pale alipokaa njiani alikuwa ameona kuwa mnazi wa nne umeinuka. Jani kuukuu la chini lilikuwa limedondoka siku zile za msiba, na pale, kwa upana wa vidole viwili, shina lilikuwa limetokeza, limezungukwa na unga mweupe wa nta. Lilikuwa shina la kwanza katika miaka yote ile.

"Ndugu zangu," alisema mwenyekiti, "Mungu hachukui asirudishe. Mzee wetu Kupaza anajulikana milima yote hii kwa subira. Subira huvuta heri. Nimeona kwa macho yangu, mti alioungoja miaka kumi na sita leo umesimama. Basi na msiba huu ataukabili kwa subira ile ile. Nani katika sisi angeweza kungoja kama alivyongoja yeye?"

Watu wakaitikia kwa minong'ono. Kupaza alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema uzeeni kwamba, Mungu amsamehe, kwa kitambo kidogo moyo wake uliruka kwa furaha aliposikia habari ya shina.

Mboni alikuwa amekaa kwenye mkeka, upande wa wanawake. Hakusimama, wala hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia.

"Alingoja mti," alisema. "Hakungoja mtu."

Wanawake waliokuwa wakigawa chai walisimama na vikombe mikononi. Mwenyekiti akakaa. Fundi Mntangi aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, na watu wakamsikia akilia kama mtoto.

Watu walipotawanyika, Kupaza alichukua panga lake akaenda njiani. Aliupiga mnazi wa nne pigo moja, likakata majani mawili. Kabla hajainua mkono tena, Mboni alikuwa amesimama kati yake na mti.

"Weka panga chini, Kupaza."

Katika miaka ishirini na mitano ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina lake. Tangu Guga azaliwe alimwita Baba Guga, na kabla ya hapo alimwita bwana.

"Mti haukukosa kitu," Mboni alisema. "Wewe uliambiwa uungoje, ukaungoja, nao umekua. Ukiukata utakuwa umemngoja nani?"

Akaliweka panga chini. Mboni alimpikia, akamfulia, akamkanda kifua alipougua, kwa miaka yote waliyokaa pamoja baada ya hapo. Hakumnyima kitu isipokuwa lile jina la Baba Guga. Alimwita Kupaza, mbele ya watu na chumbani, mpaka alipokufa yeye Mboni, na Kupaza akamzika kando ya mwanawe.

Yeye aliishi muda mrefu. Kifua kile alichodhani kitamuua karibu kilimbeba miaka ishirini na miwili mingine, akiwa na muda wote ambao aliona hana. Minazi ikapanda, yote mitano, mpaka ikaonekana kutoka barabara kuu, na wageni wakazidi kuja. Walimuuliza siri ya kuikuza. Aliwaeleza habari ya mboji, ya kivuli, ya kuondoa banzi moja kwa msimu. Wakimuuliza habari ya subira, aliingia ndani.

Neno la Mboni lilikuwa limeshatoka uani pale, likaenda sokoni, zahanati, mashambani. Likalainika kidogo midomoni mwa watu, likawa methali. Walimtupia methali hiyo mtu anayelea ng'ombe kwa upole na kumtukana mkewe, au baba anayengoja kahawa miaka minne lakini hangoji mtoto ajifunze kusoma. Wengi walilisema bila kujua limeanzia kwa nani.

Siku moja, Kupaza akiwa mzee wa mkongojo, aliketi kwenye kigoda chake kando ya njia. Likasimama gari, akashuka bwana mmoja wa mjini na binti yake wa miaka sita au saba. Bwana yule alitazama minazi juu, akasifu, akaizunguka. Binti alikuwa ameinama, anajaribu kufunga kamba ya kiatu, anakosea, anaanza tena. Baba yake alimwita mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu akamwendea akamshika mkono kwa nguvu, akamwambia, "Wewe mtoto ni mzito kama gogo."

Kupaza alijiinua kwa mkongojo. Ilimchukua muda, na yule bwana, kwa heshima ya mvi, ilibidi amngoje.

"Mwanangu," alisema mzee, "umewahi kuisikia methali ya huku kwetu, kwamba aliyengoja mti hakungoja mtu?"

"Nimeisikia, mzee."

"Basi huyo aliyengoja mti ni mimi. Minazi yenyewe ndiyo hii, na kaburi la mwanangu liko nyuma ya nyumba. Mwache mtoto afunge kiatu."